Bomba Likae Stoo: Kupunguza Dawa ya Magugu Bila Kuzidiwa na Shamba

Anza na hesabu ya mikono. Kabla hujaamua kupunguza dawa ya magugu, chukua daftari, andika ekari ulizonazo, halafu andika majina ya watu watakaoshika jembe wiki ya tatu baada ya mahindi kuota. Majina, si idadi. Mtoto aliye shuleni usimwandike. Mama aliyejifungua juzi usimwandike. Kibarua mwandike kama fedha yake unayo tayari, maana wiki hiyo kila shamba la kijiji linamtaka yeye yule. Ukimaliza utaielewa dawa ya magugu vizuri kuliko alivyokueleza muuzaji: ni mikono iliyotiwa kwenye chupa. Anayeiacha bila kutafuta mikono mingine atairudia kabla masika hayajaisha, tena atapiga kwa hasira na kwa kuzidisha.

Nasema hivyo kwa sababu mabishano mengi kuhusu dawa hizi huanzia kwenye saratani na kuishia hapo. Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti, ile tunayoiita Roundup hata ikiwa ya kampuni nyingine, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Novemba mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Mvutano haujaisha, na mahakama za Marekani zimesikiliza kesi nyingi. Mkulima wa kwetu Mvomero hana haja ya kungoja hukumu. Sababu zake za kupunguza ziko karibu zaidi: bei ya chupa, udongo unaobaki uchi, magugu yanayoizoea dawa, mlenda na mchicha pori vinavyotoweka shambani, na jirani.

Jirani nilimjua kwa gharama. Msimu wangu wa pili wa kulima nilipiga 2,4-D kwenye mahindi saa tano asubuhi, upepo wa milima ya Nguru ukiwa umeshaamka. Upande wa pili wa mfereji kulikuwa na nyanya za mzee mmoja tunayemwita Babu. Siku ya tatu majani yake ya juu yakajikunja kama kiganja cha mtu anayeficha sarafu. Akaja nyumbani jioni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umenipulizia nini, mwanangu?"

Nilimlipa magunia mawili ya mahindi, na aliyapokea bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana. Dawa hiyo huacha mimea ya jamii ya nafaka na kuua yenye majani mapana; nyanya, pamba, maharage na mizabibu hudhurika hata kwa mvuke mdogo. Onyo lilikuwa ubavuni mwa chupa, kwa herufi ambazo hata mwenye macho ya ujana huzisogeza juani ndipo azisome.

Wiki sita tu

Hindi halihitaji shamba safi tangu kupandwa hadi kuvunwa. Linahitaji usafi takriban kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya kuota. Hapo ndipo gugu huiba mbolea na maji kwa namna ambayo mmea hauwezi kufidia baadaye. Mahindi yakishafunga na kutupa kivuli chini, magugu yanayoota humo ni manyonge. Unaweza kuyaacha yakae mpaka mavuno kama hayajaanza kutoa mbegu.

Kwa hiyo fanya palizi ya kwanza siku kumi na nne baada ya kuota, hata kama shamba "halijachafuka". Wengi tunangoja magugu yafike gotini ndipo tuone aibu. Gugu la urefu wa kidole gumba huhitaji kuguswa tu. Toka saa nne, jua likiwa kali, parua juu juu kwa jembe jepesi, na kufikia saa tisa lililolala chini limeshanyauka. Usichimbe. Kila unapogeuza udongo wa ndani unazileta juu mbegu zilizokuwa zimelala gizani, unazionyesha mwanga, nazo zinaota. Palizi ya pili iwe kabla wiki ya sita haijaisha.

Na jembe linolewe. Jambo hili ni dogo mno kuandikwa, ila nimeona watu watano wakipalilia ekari moja kwa siku nzima kwa majembe yenye ncha za mviringo kama vijiko. Nunua tupa. Noa upande mmoja tu, wa ndani, na rudia kila baada ya mapumziko ya maji. Utaona tofauti mabegani kabla hujaiona shambani.

Kama mvua za kwenu zinaaminika, au una maji ya mfereji, kuna ujanja unaopunguza kazi ya msimu mzima: yaoteshe magugu kwanza. Andaa shamba mapema, ngoja mvua za kwanza, acha siku kumi hadi kumi na nne yachipue, kisha yaparue yote juu juu na upande bila kuligeuza tena. Kundi la kwanza la mbegu, ambalo ndilo kubwa, utakuwa umelimaliza kabla hindi halijaingia ardhini. Aliye Dodoma au Singida asinisikilize hapa. Huko mvua ya kwanza huenda ndiyo ya maana, na wiki mbili za kungoja ni njaa.

Panda kwa mistari. Sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja moja. Mistari iliyonyooka ndiyo inayoruhusu jembe la palizi la ng'ombe kupita, au pawatila yenye vifaa vya palizi. Aliyepanda ovyo amejifungia kwenye jembe la mkono au bomba, hana njia ya tatu.

Udongo uvae

Hapa ndipo dawa ya magugu inapotuchezea. Atrazini, ambayo Ulaya iliiondoa sokoni mwaka 2004 na bado ni ya kawaida kwenye mahindi huku kwetu, inaua maharage. 2,4-D inaua kunde na maboga. Ukizitumia huwezi tena kuchanganya. Unalazimika kulima mahindi matupu. Na mahindi matupu ndiyo yanayoacha nafasi ya sentimita 75 wazi, juani, ikiyakaribisha magugu. Bibi zetu waliokuwa wakitupia mbegu za maboga na kunde katikati ya mahindi walikuwa wakipalilia kwa majani. Tulipofundishwa "kilimo cha kisasa" tukaambiwa ule ulikuwa uchafu.

Uvike udongo upya, lakini kwa mpangilio. Mbaazi panda siku moja na mahindi, kwa kuwa hukua polepole na haitashindana. Wakulima wa Babati wanajua hili kuliko mimi. Kunde zinazotambaa zipande pamoja na palizi ya kwanza. Fiwi isubiri wiki tatu au nne, la sivyo itapanda juu ya mahindi na kuyaangusha. Upupu wa kilimo, ule usiowasha, ni mkali zaidi ya fiwi. Mimi huuweka peke yake kwenye kipande kinachopumzika, nao hukifunika hadi nyasi zikakosa hewa. Baada ya mavuno usichome mabua. Yalaze kati ya mistari. Tatizo utakaloliona mara moja ni mifugo, nalo halitatuliwi na mkulima mmoja, nitalirudia.

Kiduha ni kesi ya pekee. Lile ua la zambarau unaloliona kwenye mahindi limeshakula. Mzizi wake umejichomeka kwenye mzizi wa hindi wiki kadhaa kabla ya kichwa kutokeza, kwa hiyo anayekipulizia dawa anamwadhibu mwizi aliyekwisha kula. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, katika kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, waligundua kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hutoa mizizini kemikali mbili kwa kazi mbili: moja inaiamsha mbegu ya kiduha, nyingine inauzuia mzizi wake kushika hindi. Mbegu inaamka, inakosa mwenyeji, inakufa. Kuzunguka shamba hupandwa matete au brakiaria, yanayowavuta nondo wa viwavi kutoka kwenye mahindi. Na desmodiamu yenyewe ni lishe ya ng'ombe wa maziwa.

Usidanganywe kuwa ni rahisi. Mbegu yake ni adimu na ghali, na msimu wa kwanza inafanana na gugu. Mwambie kila anayeingia shambani, na umwonyeshe kwa kidole, kwa sababu kibarua mwenye bidii ataing'oa yote kabla ya saa sita.

Pale ambapo sijaacha

Ndago na sangari zinanishinda. Sangari ukiikata kwa jembe, kila kipande cha mzizi ni mche mpya, ukiipalilia unaipanda. Ndago ina vitunguu vyake chini, umeng'oa jani tu. Kwa magugu haya mawili njia nzuri isiyo na dawa ni ya kiangazi: lima wakati udongo ni mkavu, ilete mizizi juani, ikusanye, ichome. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo misimu miwili ya viazi vitamu au fiwi huidhoofisha sana. Kama huna misimu miwili ya kungoja, tumia glaifoseti kwenye madoa tu. Zunguka na bomba, piga panapoonekana, acha pengine. Kupunguza dawa ni pamoja na kuijua siku inayokufaa.

Kuna gugu jingine, lile linalotambaa lenye ua la buluu na shina laini lenye maji. Glaifoseti huliacha likinyong'onyea kidogo kisha likasimama tena. Ukipiga dawa moja miaka mitano mfululizo utakuwa umeyachagua magugu ya namna hiyo na kuyafugia shamba. Ndivyo ilivyotokea kwingine: mwaka 1996 huko Australia ndipo gugu la kwanza lililozoea glaifoseti lilipothibitishwa, na leo duniani zipo zaidi ya aina 50.

Siku unayopiga, pima. Watu hupima kwa kizibo, kwa kikombe cha chai, kwa "miminia tu". Fanya hivi mara moja, utaitumia hesabu hiyo miaka yote: jaza bomba maji matupu, pima eneo la mita 10 kwa 10, lipulizie kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 4. Ekari ina karibu vipande 40 vya namna hiyo, kwa hiyo unatumia lita 160 kwa ekari, yaani bomba la lita 15 mara kumi na moja hivi. Kama lebo inasema lita moja na nusu kwa ekari, kila bomba linapata mililita 140 hivi. Wengi wakifanya zoezi hili hugundua wamekuwa wakitia mara mbili. Hapo peke yake umepunguza nusu bila kuokota jembe.

Mengine kwa kifupi. Piga alfajiri au jioni, upepo ukiwa umetulia. Ukiona moshi wa jikoni umelala upande, ahirisha. Maji yawe safi, kwa sababu tope la dimbwi huishika glaifoseti na kuiua nguvu. Kama ni dawa ya kuzuia mbegu kuota, pulizia utepe wa sentimita 35 juu ya mstari wa mahindi tu, katikati apite ng'ombe. Vaa gambuti, glavu na shati la mikono mirefu. Angalia namba ya usajili kwenye lebo na ule mstari wa rangi chini yake: nyekundu ndiyo kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, halafu itoboe. Nimewahi kukaribishwa maji ya kunywa kutoka kidumu ambacho lebo yake ilikuwa haijabanduka yote.

Kwa mpunga

Mpunga una palizi yake iliyo tayari: maji. Kina cha sentimita 5 hadi 10 huzuia magugu mengi, ikiwa jaruba limesawazishwa. Penye kichuguu kilichochomoza ndipo nyasi hukaa. Wanaofuata kilimo shadidi, kama wale wa skimu ya Mkindo, hupanda mche mmoja mmoja wa siku 8 hadi 12 kwa sentimita 25 kwa 25 na kulikausha jaruba kwa vipindi. Hapo magugu huongezeka, na bila kipalizi cha kusukuma kwa mkono kila baada ya siku kumi utalia. Kipalizi hicho mafundi wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza wakipewa mfano. Kikipita kinazika gugu kwenye tope na kuupa mzizi hewa kwa mpigo mmoja.

Ukienda mkutanoni

Sehemu kubwa ya haya haiwezekani kwa mkulima peke yake, na ndiyo maana mwongozo unaoishia shambani ni nusu mwongozo. Wengi wakisikia "sera" hufikiri marufuku. Marufuku ya ghafla imeshajaribiwa. Mwaka 2021 Sri Lanka ilizuia kuingiza mbolea na dawa zote za viwandani karibu kwa usiku mmoja. Mavuno ya mpunga na chai yakaporomoka, na ilipofika Novemba serikali ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma. Ulaya nako, Tume ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza mwaka 2022 kupunguza matumizi na hatari za viuatilifu kwa nusu ifikapo 2030. Novemba 2023 Bunge la Ulaya likaukataa muswada, mwezi huo huo glaifoseti ikaongezewa miaka kumi, na Februari 2024, matrekta ya wakulima waandamanaji yakiwa yamefunga barabara, pendekezo likaondolewa. Wakati huohuo paraquat, ambayo Ulaya iliiharamisha mwaka 2007, iliendelea kwa miaka mingi kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, kwa ajili ya mashamba ya watu wengine. Ukisikia mtu akikuhubiria kutoka huko, msikilize, ila muulize hilo.

Kwetu karatasi zipo. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliyounda TPHPA, mamlaka inayosajili na kukagua viuatilifu, na Novemba 2023 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa kilimo hai. Kenya ilizindua wake wa kilimo ikolojia mwaka uliofuata. Lakini fedha haziko upande huo. Ruzuku tangu 2022 inajulikana kwa mbolea. Sijaona mkulima wa kijijini kwetu aliyepewa ruzuku ya jembe la palizi la ng'ombe. Na kuna mgongano ambao wataalamu huupita kimya kimya: kilimo hifadhi, kile cha kutolima udongo, mara nyingi husimama juu ya glaifoseti. Ukiacha plau bila kuweka matandazo ya kutosha, bomba ndilo linalolima.

Kuna swali jingine ambalo wanaume huwa hatuliulizi. Palizi kwenye nyumba nyingi ni ya mama. Dawa ya magugu ilipoingia, wapo wanawake waliopumzika mgongo kwa mara ya kwanza tangu waolewe. Sera inayoiondoa bila kuleta mashine inamrudisha yeye jembeni, na mikutanoni anayeshangilia "kilimo asilia" mara nyingi ni mumewe.

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usiende na hotuba dhidi ya sumu. Nenda na mambo matatu yanayoweza kuandikwa kwenye muhtasari. La kwanza, kikundi chenu kiombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, kwa ajili ya vifaa vya palizi vya kukodisha, na mwanamke awe mtunza funguo. La pili, sheria ndogo za kuzuia kuosha mabomba mtoni, kupulizia upepo ukivuma karibu na bustani ya mtu, na kuingiza mifugo shambani kabla ya tarehe mtakayokubaliana, ili matandazo yapone. Serikali ya kijiji inaweza kuziandaa, halmashauri ikazipitisha. Hilo la mifugo litazusha kelele kuliko mengine yote. Waalikeni wafugaji tangu kikao cha kwanza, mkikubaliana nao sehemu ya mabua wauziwe. La tatu, afisa ugani aombwe shamba la mfano la palizi, si la mbegu za kampuni. Pikipiki alipewa mwaka 2022. Mnamwomba safari, si muujiza. Dawa bandia mkiikuta, isiishie kuwa hadithi ya kijiweni: tunzeni chupa, risiti na picha ya lebo, mzipeleke kwa mkaguzi.

Shamba lako usilibadilishe lote. Chukua nusu ekari iliyo karibu na nyumba, ambayo utaiona kila asubuhi ukitoka. Andika siku ulizopalilia, vibarua uliolipa, chupa ulizonunua kwa sehemu iliyobaki, na magunia ya pande zote mbili. Msimu wa kwanza nusu ekari hiyo itakuchosha zaidi, na huenda ikakupa kidogo. Wa pili ndipo mbegu za magugu zinaanza kupungua, ikiwa ule wa kwanza hukuruhusu hata moja kukomaa. Na kwa anayelima masika, mbegu ya fiwi na ya kunde aitafute kabla ya Krismasi. Ukingoja mawingu ya Machi, duka la pembejeo litakuwa limebaki na kitu kimoja cha kukuuzia, na muuzaji atakuwa ameshakipanga mbele, kwenye kaunta.